Majivu ya Milima Mikuu ya Moto na Nchi ya Nairobi

Katika mtaa wa Kilimani, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, ipo mito miwili midogo iitwayo Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo. Watu wengi huivuka kila siku wakienda kazini, wala hawaitazami, kwa maana maji yake si mengi na kingo zake zimesongwa na nyumba za ghorofa. Lakini kwa wataalamu wa miamba mabonde haya yana sifa kubwa. Humo waliona tabaka za jiwe lililofanyika kwa majivu ya volkeno, yaani mlima wa moto, wakazipa tabaka hizo jina la Kirichwa katika vitabu vyao. Majivu hayo yalianguka mamilioni ya miaka iliyopita, na mahali pengine yalikuwa na moto mkali hata yakashikamana yenyewe kwa yenyewe yakawa jiwe gumu.

Kwa hiyo mtu akaaye Kilimani amejenga juu ya kazi ya milima ya moto. Hata vilima vya Ngong, vionekanavyo upande wa magharibi wakati wa asubuhi kukiwa kweupe, ni mabaki ya volkeno ya zamani ambayo sehemu yake ya magharibi ilikatika ikazama katika Bonde la Ufa. Moto wa Ngong ulizimika zamani sana, kabla hajakuwako mtu wa kuusimulia.

Siku hizi watu husikia habari za volkeno kuu, nao huuliza: Je, ikilipuka moja duniani, nchi ya Kenya itapatwa na nini? Wengi hufikiri habari ya moto na mawe yaliyoyeyuka. Lakini kwa mtu akaaye mbali, moto si hatari ya kwanza. Hatari yake ni mvua kubadilika, chakula kupungua, na maji kuharibika. Mambo haya yamekwisha kutokea mara nyingi, na alama zake zimeandikwa katika matope ya maziwa, katika vitabu vya historia, na katika ardhi ya Nairobi yenyewe.

VOLKENO KUU NI IPI

Si kila mlima wa moto uitwao volkeno kuu. Jina hilo hupewa ile tu iliyotupa nje, kwa mlipuko mmoja, zaidi ya kilometa za ujazo 1,000 za majivu na mawe. Atakaye kukifahamu kiasi hicho na afikirie sanduku lenye urefu wa kilometa 10, upana wa kilometa 10 na kimo cha kilometa 10, lililojaa majivu mpaka juu. Mlipuko wa namna hiyo hauachi mlima wenye ncha. Nchi iliyo juu ya moto hudidimia, likabaki shimo kubwa, na mara nyingi shimo hilo hujaa maji likawa ziwa.

Mlipuko wa mwisho wa kadiri hiyo ulitokea huko Taupo, nchi ya New Zealand, yapata miaka 26,000 iliyopita. Ule wa Yellowstone, nchi ya Marekani, ulitokea zaidi ya miaka 600,000 iliyopita.

Kenya nayo ina mashimo makubwa yaliyotokana na milipuko. Juu ya mji wa Nakuru liko shimo la Menengai, lenye upana wa yapata kilometa 12 mahali palipo papana zaidi. Karibu zaidi na Nairobi uko mlima Suswa, wenye shimo moja ndani ya jingine. Menengai na Suswa hazihesabiwi kuwa volkeno kuu, lakini milipuko yake ilikuwa mikubwa sana, na yeyote asimamaye ukingoni mwa Menengai aweza kuona kwamba nguvu iliyolifanya shimo lile si ndogo.

JINSI MAJIVU NA SALFA VIFANYAVYO KAZI

Volkeno inapolipuka hutoa vitu viwili ambavyo yafaa kuvitenga katika fikira. Cha kwanza ni majivu. Haya si kama majivu ya jikoni. Ni vipande vidogo sana vya kioo na mawe. Mengi yake huanguka katika muda wa siku au majuma machache. Yakianguka kwa wingi hubomoa mapaa, huziba mifereji, huua majani ya mimea, na huwaumiza watu na wanyama katika mapafu.

Kitu cha pili ni hewa ya salfa. Mlipuko ukiwa mkubwa, hewa hii hupanda juu kupita mawingu, mahali ambapo mvua haiwezi kuiosha. Huko hugeuka kuwa matone madogo mno ya asidi, nayo huenea kuizunguka dunia kama utando mwembamba. Utando huo hurudisha juu sehemu ya nuru ya jua isifike ardhini, nao huweza kukaa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Kwa sababu hiyo mlima ulioko upande mmoja wa dunia huweza kuleta baridi upande mwingine.

Jambo hili lilipimwa kwa vyombo mwaka 1991, mlima Pinatubo ulipolipuka nchini Ufilipino. Mwaka uliofuata wastani wa joto la dunia ulipungua yapata nusu digrii ya sentigredi. Na Pinatubo ulikuwa mlima wa kawaida tu ukilinganishwa na volkeno kuu.

Mlipuko mkubwa zaidi katika historia iliyoandikwa vizuri ni ule wa Tambora, Indonesia, mwezi wa Aprili 1815. Watu makumi elfu waliangamia huko, wengine kwa moto na wengi kwa njaa iliyofuata. Mwaka wa pili yake, 1816, theluji ilianguka mwezi wa Juni katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani, na huko Ulaya nafaka ziliharibika mashambani kwa baridi na mvua zisizokoma. Mkate ukapanda bei, na watu wakavunja maghala. Wakulima wale hawakujua kwamba sababu ya taabu yao ilikuwa mlima ulioko ng'ambo ya bahari, ambao wengi wao hawakupata hata kulisikia jina lake.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilipata alama yake. Mlima Krakatoa wa Indonesia ulilipuka mwezi wa Agosti 1883. Mawe yake mepesi, yenye matundu kama sifongo, yalielea baharini yakichukuliwa na mikondo ya maji, na mwaka 1884 yakawa yametupwa na mawimbi katika fukwe za Unguja.

TOBA NA MATOPE YA ZIWA NYASA

Mlipuko wa volkeno kuu uliogusa Afrika Mashariki, na ambao umechunguzwa kuliko mingine, ni ule wa Toba. Toba iko katika kisiwa cha Sumatra, nayo ililipuka yapata miaka 74,000 iliyopita. Shimo lake sasa ni ziwa lenye urefu wa yapata kilometa 100. Wataalamu wakadiria kwamba ilitupa nje zaidi ya kilometa za ujazo 2,000, na majivu yake yalifunika sehemu kubwa za India.

Mwaka 1998 mtaalamu wa Marekani, Stanley Ambrose, ambaye pia amechimba katika pango la Enkapune ya Muto katika Bonde la Ufa, karibu na Naivasha, alitoa hoja kwamba Toba ilileta baridi kali ya miaka mingi, na kwamba wanadamu walikaribia kwisha kabisa duniani, wakabaki maelfu machache. Hoja hiyo ilienea upesi, na hata leo wengi huisimulia kama jambo lililothibitika.

Lakini uchunguzi haukukoma hapo. Chini ya Ziwa Nyasa, ambalo huko Malawi huitwa Ziwa Malawi, matope yametuama tabaka juu ya tabaka kwa maelfu ya miaka, kama karatasi zinavyopangwa katika faili la karani. Wataalamu walichimbua matope hayo kwa mabomba marefu. Mwaka 2013 Christine Lane wa Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na wenzake Ben Chorn na Thomas Johnson, walitangaza kwamba wameona ndani yake vipande vya kioo visivyoonekana kwa macho matupu, na kwamba asili yake ni Toba. Vilikuwa vimesafiri yapata kilometa 7,000. Kisha wakazichunguza tabaka zilizo chini na juu ya majivu hayo ili kuona kama ziwa lilipata baridi. Hawakuona alama ya baridi kali. Nchi za ziwa lile hazikuwa zimeganda.

Mwaka 2024 habari nyingine ilichapishwa, kutoka kaskazini-magharibi ya Ethiopia. Karibu na mto Shinfa, ambao maji yake huingia katika mto Nile wa Buluu, wataalamu wakiongozwa na John Kappelman wa Chuo Kikuu cha Texas walichimba mahali palipokuwa kambi ya watu wa kale. Humo waliona vioo vya Toba pamoja na mifupa ya wanyama walioliwa. Ilionekana kwamba baada ya majivu kuanguka kiangazi kilizidi ukali, na mto ukapungua mpaka ukabaki madimbwi. Watu wale hawakuangamia. Walikwenda madimbwini wakavua samaki, wakala samaki wengi kuliko hapo kwanza. Walipokosa chakula kimoja walitafuta kingine.

Habari hizi zatia moyo, lakini zisichukuliwe kuwa dhamana. Watu wa Shinfa walikuwa wachache, hawakuwa na mipaka, na nchi yote ilikuwa ghala lao. Mkulima wa leo ana ekari zake mbili tatu, na pengine mahindi peke yake ndiyo tegemeo lake. Karani wa Kilimani hana hata hizo. Chakula chake chote hutoka sokoni na dukani. Jambo ambalo wawindaji wa kale walilivuka kwa kuhama, watu wa leo hawawezi kulivuka kwa kuhama.

MVUA NDIYO YA KUANGALIWA

Katika nchi za joto, jambo la kuogopwa zaidi si baridi bali ni upungufu wa mvua. Historia ya mto Nile yaonyesha hivyo wazi.

Mwezi wa Juni 1783 ardhi ilipasuka mahali paitwapo Laki, nchi ya Iceland, ikatoa moto na hewa ya sumu kwa muda wa miezi minane. Majani ya malisho yaliingiwa na sumu ya floridi. Zaidi ya nusu ya mifugo ya nchi ilikufa, na kwa njaa iliyofuata yapata mtu mmoja katika kila watano alikufa pia.

Iceland ni mbali sana na Afrika. Hata hivyo mwaka ule ule, na mwaka uliofuata, mto Nile haukufurika kama desturi yake, na Misri ikaingiwa na njaa kubwa. Msafiri Mfaransa aitwaye Volney, aliyekuwa Misri wakati huo, aliandika kwamba nchi ilipoteza mtu mmoja katika kila sita, kwa kufa au kwa kuhama. Mwaka 2006 wataalamu wa hali ya hewa walionyesha jinsi mambo haya mawili yanavyoungana. Utando wa salfa uliipoza nchi ya kaskazini ya dunia. Tofauti ya joto kati ya nchi kavu na bahari ikapungua. Na pepo ziletazo mvua katika milima ya Ethiopia zikalegea. Mvua ya Ethiopia ndiyo iujazayo mto Nile wakati wa gharika yake. Hivyo ardhi iliyopasuka katika nchi ya barafu ilikausha mashamba ya Misri.

Hata mlipuko mdogo huweza kumpata Mkenya kwa njia asiyoitazamia. Mwezi wa Aprili 2010 mlima mwingine wa Iceland, Eyjafjallajökull, ulitoa majivu yaliyofanya ndege zisiruke katika sehemu kubwa ya Ulaya kwa karibu juma zima. Maua ya Naivasha na mboga za nchi za milimani zilikwama Nairobi. Maua mengi yalitupwa, mboga nyingine wakapewa ng'ombe, na vibarua wengi wakaambiwa wabaki nyumbani. Majivu yenyewe hayakufika Kenya hata chembe moja iliyoonekana. Lakini mshahara ulipotea. Na mwezi wa Novemba 2025 volkeno ya Hayli Gubbi, katika nchi ya Afar huko Ethiopia, ililipuka, na majivu yake yakavuka Bahari ya Shamu mpaka Yemen na Oman, kisha yakafika India na kuzuia ndege huko.

URITHI ULIOACHWA: JIWE, UDONGO NA MAJI

Baada ya miaka mingi majivu hugeuka kuwa urithi wa nchi, na urithi huo una faida na hasara.

Faida ya kwanza ni jiwe. Mawe ya kijivu yachongwayo Ndarugo, karibu na Juja, ni majivu ya volkeno yaliyokuwa magumu. Hukatika vizuri kwa shoka na kwa msumeno, na nyumba nyingi za Nairobi zimejengwa kwayo.

Faida ya pili ni udongo. Udongo mwekundu wa Kilimani, Dagoretti na Kiambu ulitokana na mawe ya volkeno yaliyooza kwa mvua na joto la karne nyingi. Ni udongo wa kina kirefu, hupitisha maji vizuri, na ndio uliostawisha kahawa na chai ya Kiambu. Upande wa mashariki, kuelekea Embakasi, mawe ni ya volkeno vilevile, lakini nchi ni tambarare na maji hutuama, na mvua yake ni haba. Huko udongo ni mweusi, hunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi.

Faida ya tatu ni mvuke wa chini ya ardhi. Huko Olkaria, katika Bonde la Ufa, mvuke umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981, na sasa yapata sehemu mbili katika tano za umeme wa Kenya hutokana na joto la ardhini. Taa nyingi za Kilimani huwaka kwa moto ule ule uliozifanya volkeno.

Hasara iko katika maji. Mawe ya volkeno ya Bonde la Ufa na ya Nairobi yana madini ya floridi, na maji yakaayo muda mrefu ndani ya mawe hayo huyayeyusha. Floridi kidogo huyafaa meno. Ikizidi huyatia madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa. Kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Visima virefu vingi vya Nairobi vimeonekana kupita kipimo hicho.

Jambo hili lawahusu sana watu wa Kilimani. Mahali palipokuwa na nyumba moja na bustani yake, leo pana jengo la ghorofa kumi au zaidi, na maji ya mfereji hayatoshi. Kwa hiyo majengo mengi yamechimba visima kwa mashine. Wapangaji huyaona maji ni safi, hayana harufu wala rangi, wakadhani kuyachemsha kwatosha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi; maji yakipungua kwa mvuke, floridi hubaki katika sufuria na kuzidi nguvu. Wanaoumia kwanza ni watoto, kwa kuwa meno yao yangali yakifanyika ndani ya ufizi.

YAFAAYO KUFANYWA

Hakuna serikali iwezayo kuzuia volkeno isilipuke. Lakini mengi yawezekana kufanywa na mtu wa kawaida, na hayo yafaa hata kama volkeno kuu haitalipuka kwa miaka elfu nyingi ijayo, kwa maana ukame hauhitaji volkeno ili uje.

La kwanza ni akiba ya chakula. Mkulima asiuze mavuno yote mwezi ule ule wa kuvuna, wakati bei iko chini. Nafaka ikaushwe vizuri kabla ya kuwekwa ghalani, maana nafaka yenye unyevu huota kuvu; mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao katika nchi ya Ukambani.

La pili ni kutotegemea zao moja. Penye mahindi pawe pia na mtama au wimbi, na mihogo au viazi vitamu vibaki ardhini. Mvua ikikosa zao moja, huenda ikalisaidia jingine.

La tatu ni kuutunza udongo mwekundu. Ulichukua maelfu ya miaka kufanyika, lakini mvua ya masika moja yaweza kuuchukua mpaka mtoni ikiwa shamba la mteremko halina matuta wala nyasi.

La nne ni maji. Wapangaji wana haki ya kumwuliza mwenye jengo kama maji ya kisima yamepimwa floridi, na kuonyeshwa cheti cha kipimo. Kama yamezidi, ya kunywa na ya kupikia yatoke penginepo: maji ya mvua yakingwayo kwa usafi, au maji ya kisima yaliyochanganywa na ya mfereji mpaka kipimo kishuke. Huko Nakuru Jimbo Katoliki limekuwa likiyasafisha maji kwa mkaa wa mifupa, ambao huivuta floridi ikabaki ndani yake. Maji ya kisima yaliyozidi kipimo yatumike kwa kufulia na kuoshea vyombo.

Na ikitokea majivu ya volkeno yameanguka, kama yalivyowapata wafugaji wa Kimasai karibu na Ol Doinyo Lengai huko Tanzania katika miaka ya 2007 na 2008, matangi ya maji na yafunikwe mara moja, mboga zioshwe mara nyingi, pua na mdomo vifungwe kwa kitambaa, na ng'ombe na mbuzi wasiachiliwe kula majani yenye majivu mpaka mvua iyaoshe. Mapaa nayo yafagiliwe kabla majivu hayajalowa, kwa kuwa majivu yaliyolowa ni mazito mno.

Wahenga walisema, Tahadhari kabla ya athari. Mwenye gunia moja la akiba lililo kavu, shamba lenye mazao ya namna tatu, na cheti cha maji ayanywayo, amejiweka tayari kuliko jirani yake ambaye husubiri habari za redioni ndipo aanze kutafuta gunia.